Je, wajua setilaiti inakadiriaje joto la hewa wakati hewa yenyewe haiigusi?

Ile digrii 31 unayoiona kwenye simu ni joto la hewa, na hewa hupimwa kivulini, karibu mita 2 kutoka chini. Sasa setilaiti kama Terra na Aqua za NASA ziko kilomita 700 hivi juu, kipimajoto cha kuchovya hewani hazina, kinachopokelewa kule ni miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, ambayo kila kitu kinaitoa, na kikizidi moto kinaitoa zaidi. Miale yenye mawimbi ya maikromita 11 na 12 inapita hewani bila kuzuiliwa sana, kwa hiyo kinachosomwa ni ngozi ya ardhi tu, mchanga, bati, majani ya mikarafuu.

Na ngozi si hewa jamani. Nenda ufukwe wa Paje, Zanzibar, saa 7 mchana wakati wa kaskazi uvue ndara, nyayo zitaungua mpaka uruke na huku usoni upepo unakupiga vizuri tu. Usiku tofauti inapungua, na msitu mzito kama Jozani au Ngezi hata mchana ngozi yake haipishani sana na hewa. Bati jipya linalong'aa ndo kiboko, linatoa infraredi kidogo mno, setilaiti ikadhani limepoa kumbe ukilishika unaungua.

Basi wanafanyaje? Wanachukua sehemu zenye vituo vya hali ya hewa, mfano uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, wanalinganisha joto la ngozi na joto la hewa siku nyingi, wanatia na ukijani, mwinuko, umbali wa bahari na mwezi wa mwaka, inapatikana hesabu ya kutumia hata pale pasipo na kituo. Inapishana na ukweli digrii chache tu, si mbaya.

Ila ukitaka kujua joto la "kawaida" la mahali, hilo ni wastani wa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, na Terra imerushwa Desemba 1999, kwa hiyo ile miaka ya mwanzo lazima ukope kwenye vituo, setilaiti inakuonesha tu wapi kuna joto zaidi ya wapi.

Halafu kuna mawingu. Infraredi haiyapenyi, ikikutana nayo inasoma mgongo wa wingu, baridi tupu, data inatupwa, na masika yetu unaijua ilivyo. Zinazobaki ni siku za jua kali na usiku mweupe, ukichukua wastani wake hivihivi mchana unatoka moto kuliko ulivyo na usiku baridi kuliko ulivyo. Pwani ndo zaidi, kila doa la picha ni kilomita 1 hivi, ukiwa visiwa vidogo kama Tumbatu au Kojani doa moja lina nusu nchi kavu nusu bahari, mie namba za hapo naziangalia kwa jicho la pembeni.