Propela nyepesi haiongezi farasi

Vijana wengi wenye Altezza hapa Tanga wanaamini kwamba ukitoa propela shafti ya chuma ukafunga ya alumini, injini inaongezeka nguvu za farasi. Si kweli. Nguvu inazalishwa kwenye injini. Propela inaifikisha tu kwenye difu, inayozungusha magurudumu ya nyuma.

Kinachopungua ni uzito, na faida yake ni ndogo kwa sababu propela ni nyembamba. Uzito ulio karibu na kitovu cha mzunguko hauna ubishi kuuzungusha. Chukua propela yenye nusu kipenyo cha sentimita 4, tairi la sentimita 30, na propela izunguke mara 4 tairi likizunguka mara moja. Ukipunguza kilo 5, gari linapochanganya ni kama umeshusha kilo 6 na nusu hivi. Kwenye gari la kilo 1,300! Hela hiyo ningeipeleka kwenye rimu nyepesi.

Ukiamua kufunga nyumbani, jeki peke yake haitoshi hata kidogo. Weka stendi kwenye sakafu ya zege, kamwe si kwenye mchanga. Piga alama za rangi kwenye flenji (sahani za kuungia propela) kabla ya kufungua nati, ili propela ya zamani ikihitajika irudi vilevile. Tega beseni nyuma ya giaboksi; shafti ikichomoka, oili inamwagika.

Halafu kuna mtetemo. Propela ndefu ya kipande kimoja ikizunguka kasi sana hupinda katikati, ndiyo maana magari mengi hutoka kiwandani na vipande viwili na bearing ya kati. Gari likitetemeka ukiwa barabara ya Segera, punguza mwendo, urudi ukapime pembe na balansi.