Wizi wa mifugo Suguta si "mila" tu

Kila mifugo inapoibwa Bonde la Suguta, kaskazini mwa Kenya, utasikia: "Hiyo ndiyo desturi yao, waliibiana tangu enzi za mababu." Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu inawafutia makosa wahalifu na kuwapaka matope wafugaji wote.

Ni kweli kwamba Waturkana, Wasamburu na Wapokot walivamiana zamani. Lakini silaha zilikuwa mikuki, wazee walikuwa na sauti, na ng'ombe walioletwa walibaki kijijini, wengine wakatolewa mahari. Bunduki ndizo zilizobadilisha mambo. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa, na silaha nyingine zikaingia kutoka nchi jirani zenye vita. Siku hizi baadhi ya mifugo inayoibwa hupakiwa kwenye malori na kuuzwa sokoni kwa ajili ya nyama. Hiyo ni biashara, tena ya watu wenye pesa wasiokanyaga bondeni.

Nalo Bonde la Suguta, lenye joto kali, miamba ya volkano na makorongo, ni maficho mazuri mno. Novemba 2012, karibu na mji wa Baragoi, katika bonde hilo, polisi waliokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa walivamiwa na zaidi ya 30 wakauawa.

Wakati huohuo, mama wa Kiturkana anaamka alfajiri kutafuta maji, na mtoto anachunga mbuzi badala ya kwenda shule iliyofungwa kwa hofu. Hao ndio wanaoibiwa.