Sauti Inayofifia, Pumzi Inayokata: Dhana Potofu Kuhusu Miasthenia Gravisi

Dhana: Sauti ikififia na pumzi ikikata, ni pumu, au mtu amerogwa.
Ukweli: Katika miasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kuchoka, mapafu ni mazima. Kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya misuli pale neva inapopitishia amri, hivyo misuli huchoka upesi, na dawa ya pumu ya kuvuta haisaidii. Mgonjwa huanza kuzungumza vizuri, baada ya dakika chache sauti huingia puani na kufifia. Akinyamaza kidogo, hurudi. Kope huanguka jioni, chakula humpalia, maji humtokea puani. Ugonjwa huu hauambukizi.

Dhana: Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 98, basi yuko salama.
Ukweli: Dhana hii inaua. Misuli ya kupumua inapochoka, oksijeni hushuka mwishoni kabisa. Mketishe wima, avute pumzi yote, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, nambari mbili kwa sekunde. Asipofika 20, au akishindwa kumeza mate, usimpe maji wala kumlaza chali. Mpeleke hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Kutoka vijijini Siaya au Homa Bay safari ni ndefu, kwa hiyo mmoja apige simu kuuliza kama kuna kitanda na mashine ya kupumulia huku wengine wakitafuta gari.

Dhana: Dawa yoyote ya malaria inafaa.
Ukweli: Kwinini na klorokwini huzidisha udhaifu. Vivyo hivyo antibiotiki kama sindano ya gentamisini na vidonge vya siprofloksasini, na pia magnesiamu wanayopewa wajawazito wenye presha. Huku kandokando ya Ziwa Viktoria, homa ni jambo la kila mara, na yenyewe pia huamsha ugonjwa, kwa hiyo usichelewe kupima. Ila taja miasthenia kabla ya kupokea dawa yoyote, hata kwenye duka la dawa. Afadhali jina la ugonjwa na orodha ya dawa hizo viandikwe kwenye kadi inayokaa pamoja na kitambulisho.

Dhana: Pumzi ikikata, ongeza piridostigmini, dawa ya miasthenia.
Ukweli: Kidonge cha miligramu 60 huanza kazi baada ya nusu saa hadi saa moja na hudumu saa tatu au nne, ndiyo maana humezwa kabla ya mlo, ili kutafuna na kumeza kuwe rahisi. Vikizidi, navyo hudhoofisha misuli: mate hujaa, jasho hutoka, tumbo husokota na kuhara. Pumzi ikishakatika, tiba ni ya hospitalini: mashine ya kupumulia, dripu ya imyunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji) au kubadilishwa plazma (majimaji ya damu).