Je, wajua kwa nini trei za mayai haziokoi miksi ya studio ya chumbani?

Studio nyingi za vijana wa Mbeya, iwe Soweto, Mafiati au Uyole, ziko ndani ya chumba kimoja cha nyumba ya kawaida: meza, kompyuta, spika mbili, maiki kwenye stendi, na mara nyingi trei za mayai zilizogandishwa ukutani kuanzia chini hadi kwenye silingi. Prodyuza anamaliza miksi ya wimbo, yaani kupanga kila sauti isikike kwa kiasi chake, usiku wa manane, anausikia umekaa sawa kabisa. Asubuhi anaupiga kwenye bajaji ya jirani, besi imemeza sauti ya mwimbaji. Anarudi kupunguza besi, na sasa kwenye redio ndogo wimbo umekuwa mkavu.

Kwa nini? Mara nyingi tatizo haliko kwenye programu wala kwenye masikio ya prodyuza. Liko kwenye chumba, na trei zile hazifiki hata karibu na mzizi wake.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde joto likiwa nyuzi 20. Ukigawa kasi hiyo kwa masafa ya sauti (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) unapata urefu wa wimbi lake. Mlio mkali wa "sss" wa mwimbaji, kwenye hezi 8,000, una wimbi la sentimita 4 na kidogo. Besi ya hezi 57 ina wimbi la mita 6. Sasa fikiria chumba chetu cha kawaida cha futi kumi kwa kumi, yaani mita 3 kwa 3. Nusu ya wimbi lile inaingia humo kamili, ukuta hadi ukuta. Linapogonga ukuta linarudi, linakutana na jingine linalokuja, na yote mawili yanajifunga kuwa wimbi linalosimama pale pale. Ukitikisa beseni la maji taratibu, maji yanapanda na kushuka pembeni huku katikati pakitulia. Mgandamizo wa hewa chumbani unafanya hivyo hivyo: ukutani besi inajaa, katikati inakaribia kuisha.

Hapo ndipo ule ubishi wa studio unapozaliwa. Msanii amekaa kwenye kochi lililosukumwa hadi ukuta wa nyuma, analalamika kwamba besi imezidi. Prodyuza amekaa katikati ya chumba, anashangaa, mbona besi yenyewe haisikiki? Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anasikiliza wimbo tofauti. Prodyuza akifuata masikio yake ataongeza besi, na wimbo utavuma vibaya kila mahali utakakopigwa. Angekaa ukutani angeipunguza, wimbo ukatoka hauna mwili.

Jaribu mwenyewe. Weka programu ya kutoa mlio wa masafa kwenye simu, unganisha na spika zako, piga hezi 57 kwa sauti ya wastani, kisha tembea polepole kutoka ukutani hadi katikati. Kama chumba chako kina urefu mwingine, tafuta namba yake kwa kugawa 343 kwa urefu huo uliozidishwa kwa mbili: mita 4 inakupa karibu hezi 43. Utafika mahali mlio unayeyuka kabisa ingawa spika bado inatetemeka ukiigusa. Sogeza kichwa hatua moja, unarudi. Watu wengi wakishaonja jaribio hili hawauangalii tena ukuta kwa jicho lile lile.

Na hapa ekolaiza, ile ya kuongeza au kupunguza masafa fulani ya sauti, haisaidii. Pale mawimbi yanapofutana, ukiongeza nguvu ya hezi 57 unaongeza wimbi linalokwenda na lile linalorudi kwa pamoja, nayo yanaendelea kufutana. Unachochosha ni spika tu.

Chumba cha mraba ndicho kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinagongana kwenye masafa yale yale. Cha mita 3 kwa 4 chenye silingi ya mita 2.7 kina masumbufu yake kwenye hezi 43, 57 na 63 au 64, yametawanyika kidogo. Ukiwa na uhuru wa kuchagua chumba, chukua hicho.

Wengine huuliza kama mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unabadilisha hesabu hizi. Haubadilishi. Kasi ya sauti inafuata joto la hewa, si mwinuko. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 10 itashuka hadi mita 337 hivi kwa sekunde, na ile hezi 57 ikawa 56. Sikio halitagundua.

Kinachobadilisha mambo kweli ni ujenzi wetu, na hili naliona linasahaulika sana. Video nyingi tunazojifunzia zinatoka Marekani, ambako nyumba nyingi kwa ndani zina kuta za jipsamu juu ya fremu za mbao. Kuta nyepesi za namna hiyo hutetemeka, zikala sehemu ya besi na nyingine zikaipitisha nje. Nyumba ya Mbeya au Iringa ni ya tofali la kuchoma au la bloku, lipu pande zote, sakafu ya saruji au marumaru. Ukuta mzito hivyo hauisogezi besi popote. Unairudisha karibu yote. Afadhali ya kwetu ni silingibodi nyembamba, mlango wa mbao na dirisha. Kwa hiyo anayenakili ushauri wa paneli nyembamba nne kutoka kwenye video anachukua dawa ya ugonjwa mwepesi kuliko wa kwake.

Turudi kwenye trei. Karatasi yake ni ya milimita chache, na mabonde yake yana kina cha sentimita chache. Wimbi la mita 6 halijui kama kitu hicho kipo. Zinachoweza ni kutawanya na kunyonya kidogo sauti za juu, ndiyo maana ukipiga makofi unasikia chumba "kimetulia" na unadhani kazi imeisha. Umepunguza vile ambavyo havikuwa tatizo kubwa, besi imebaki peke yake ikitamba. Na kama lengo lilikuwa jirani asisikie, hapo ndipo hazisaidii kabisa. Kuzuia sauti isitoke kunahitaji uzito na kuziba kila upenyo. Ni kazi nyingine, kama ilivyo kelele ya mvua kwenye mabati kuanzia Novemba.

Mtu aliyetufungulia njia ya kuyapima mambo haya ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kutafuta kwa nini ukumbi mmoja wa mihadhara pale chuoni ulikuwa na mwangwi mrefu kiasi kwamba maneno hayakueleweka. Vifaa vyake vilikuwa filimbi ya kinanda cha kanisani, saa ya kuhesabia sekunde, masikio yake, na mito ya viti aliyoiazima kutoka ukumbi mwingine. Usiku kukiwa kimya alikuwa akiongeza mito na kupima sauti inachukua muda gani kufifia. Akapata kanuni inayotumika hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.16, gawa kwa jumla ya eneo linalonyonya sauti, unapata sekunde ambazo sauti huchukua kufifia. Dirisha lililo wazi la mita moja ya mraba alilihesabu kuwa kizio kimoja kamili, maana sauti ikitoka hairudi.

Kwa chumba chetu cha mita 3 kwa 4, ujazo ni kama mita za ujazo 32. Kikiwa kitupu, kuta za lipu na sakafu ya saruji hunyonya sehemu chache tu kati ya mia, jumla vizio viwili hivi, na sauti za kati huchukua zaidi ya sekunde mbili kufifia. Ongeza mita za mraba 8 za kitu kinachonyonya vizuri, muda unashuka hadi nusu sekunde. Kwa besi ndani ya chumba kidogo kanuni hii haitoshi, lakini kwa sauti ya mwimbaji, gitaa na matoazi inakuonyesha ni nguvu kiasi gani iko kwenye paneli chache nene.

Unene ndio siri. Kitu chenye vinyweleo hunyonya sauti kwa kuisugua hewa inayopita ndani yake, na hewa iliyogusana na ukuta haitembei. Inatembea zaidi mbali na ukuta, robo ya urefu wa wimbi. Kwa sauti ya hezi 850 robo hiyo ni sentimita 10, kwa hezi 57 ni mita moja na nusu. Ndiyo maana spanji ya inchi moja iliyobandikwa ukutani haikamati besi, na ndiyo maana kuiacha nafasi ya sentimita 10 nyuma ya paneli ni unyonyaji wa bure.

Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya mbao. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi inafika Mbeya na Iringa kila siku. Mbao za mbili kwa nne zikisimamishwa kwa ubavu zinatoa fremu yenye kina cha sentimita 10. Ijaze sufi ya mawe (rockwool, nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe) ukiipata (vaa glovu na barakoa, na uifunike kabisa isipukutike), au mablanketi na nguo za mtumba zilizopangwa bila kushindiliwa. Nyuma usipige plaiwudi, weka kitambaa tu. Mbele pia kitambaa, ila kiweke mdomoni upulize kwanza: pumzi ikipita, sauti itapita.

Anza na kona, sakafu hadi silingi, kwa unene wa sentimita 30 au 40 kama nafasi inaruhusu. Besi hujaa zaidi kwenye kona, kwa hiyo kila shilingi inafanya kazi zaidi pale. Kisha kaa kwenye kiti chako na rafiki asogeze kioo ukutani pembeni yako; unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo paneli inakaa. Fanya hivyo pande zote mbili na juu kwenye silingi. Kiti chenyewe kisikae katikati wala ukutani. Kwenye chumba cha mita 4, anza na mita 1.5 kutoka ukuta wa mbele, spika zikielekea kwenye urefu wa chumba, kisha sogea kidogo kidogo huku ukisikiliza wimbo unaoujua vizuri.

Nakusihi jambo moja kuhusu spanji ya magodoro. Mwaka 2003 moto uliwasha spanji ya kutuliza sauti kwenye klabu moja ya West Warwick, Marekani, watu 100 wakafa. Mwaka 2013 ikatokea Santa Maria, Brazili, wakafa 242. Spanji hiyo inawaka haraka na moshi wake una sumu. Trei na nguo nazo zinawaka, sufi ya mawe haiwaki. Vyovyote utakavyochagua, waya na ekstensheni visipite nyuma ya paneli, na jiko la mkaa lisiingie studio hata kwenye baridi ya Julai.