Kuabudu si zile nyimbo za taratibu peke yake

Katika makanisa yetu mengi, mapambio ya kuruka yakiisha, kinanda hupunguzwa, watu hufumba macho, na kiongozi husema, "Sasa tuingie kwenye kuabudu." Ndiyo maana wengi huamini ibada ya kweli ni zile dakika za machozi.

Nyimbo ni sehemu ya ibada, tena nzuri mno. Ila Paulo anapoitaja ibada yenye maana, katika Warumi 12:1, hataji wimbo hata mmoja. Anataka tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai: mikono inayopima unga dukani, ulimi unaosema na mwenzi nyumbani.

Nabii Amosi ni mkali zaidi, na natamani asomwe mara nyingi madhabahuni. Wafanyabiashara wa Israeli walishika sabato huku wakiomba iishe upesi, warudi kupunguza kipimo cha nafaka na kuchezea mizani (8:5). Taifa hilohilo ndilo lililoambiwa, "Niondolee kelele za nyimbo zako" (5:23). Sauti zao hazikuwa na kasoro iliyotajwa. Mungu aliwakataa waimbaji waliowauzia maskini takataka za ngano.