Kolodioni mbichi, na kwa nini nguzo nyekundu za hekalu zilitoka nyeusi

Kolodioni mbichi ni njia ya kupiga picha kwenye kioo kilichopakwa dawa. Aliyeitangaza ni Mwingereza Frederick Scott Archer, mwaka 1851. Kioo kilimwagiwa kolodioni, ute unaonata, kisha kikatumbukizwa kwenye maji ya nitrati ya fedha. Hapo kilikuwa tayari kupokea mwanga, ila kwa sharti kwamba kisikauke. Kupaka, kupiga na kusafisha vyote vilitakiwa kuisha kwa kama dakika 10 hadi 15.

Kwa hiyo chumba cha giza kilisafiri pamoja na mpigapicha. John Thomson, Mskoti aliyezunguka China kati ya 1868 na 1872, alikwenda na hema la giza, masanduku ya vioo, dawa (sianidi, sumu kali, ikiwemo) na wapagazi wa kubeba mzigo huo wote. Hivyo ndivyo alivyozipiga nyumba za watawa wa Kibudha milimani karibu na Fuzhou.

Sasa zitazame picha zenyewe. Kolodioni huuona sana mwanga wa buluu, na nyekundu karibu haiioni kabisa. Nguzo na kuta nyekundu, fahari ya mahekalu ya China, zikatoka nyeusi kama makaa. Anga la buluu likawa jeupe tupu. Na kwa kuwa kioo kilihitaji sekunde kadhaa za mwanga, wakati mwingine zaidi, aliyepita uani akitembea aligeuka ukungu au akatoweka. Ukiona ua mtupu, usiharakishe kusema hekalu lilikuwa limetelekezwa. Huenda waumini walikuwepo, wakipita tu.

Hata hivyo picha hizi zina thamani yake. Mpigapicha Felice Beato alilipiga Hekalu la Mbinguni, Beijing, mwaka 1860, akiwa ameandamana na majeshi ya Uingereza na Ufaransa (hayo hayo yaliyopora na kuchoma Kasri la Kiangazi la wafalme wa China, kwa hiyo hakuwa mtalii). Mwaka 1889 radi iliunguza ukumbi mkuu wa hekalu hilo. Unaoonekana leo ulijengwa upya baadaye.

Sahani kavu za jelatini, yaani vioo vilivyopakwa dawa mapema na kutumika vikiwa vikavu, zilipoenea, kuanzia miaka ya 1880, hema na wapagazi wa dawa havikuhitajika tena. Nyekundu yenyewe ilisubiri hadi karne ya 20, zilipokuja sahani zinazoona rangi zote.