Kompyuta Kongwe za Nyumbani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kompyuta ya nyumbani iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 inapofika mikononi mwa fundi wa Nairobi leo, mara nyingi hupimwa kwa kipimo cha simu na vipakatalishi, vyombo ambavyo fundi huyo huvifungua kutwa. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Commodore 64, ZX Spectrum na BBC Micro hazikuundwa kama vyombo vya leo, na karibu kila dhana potofu niliyoisikia kuzihusu, iwe Luthuli Avenue au katika vibanda vya River Road, inatokana na kudhani kwamba zinaugua maradhi yaleyale.

“Imeingiwa na virusi, ipigwe formati”

Haya husemwa kabla hata kifuniko hakijafunguliwa. Katika kompyuta hizi hakuna cha kupigwa formati. Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, haina diski ngumu. Mfumo wake mzima, pamoja na lugha ya BASIC, umo ndani ya chipu za ROM zenye jumla ya kilobaiti 20, na hakuna programu inayoweza kuufuta. ZX Spectrum ya mwaka huohuo ina kilobaiti 16 tu za ROM. Ukizima, kumbukumbu ya RAM husahau yote. Ukiwasha, mashine huanza upya kama siku ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo kasoro inayobaki baada ya kuzima kwa dakika moja na kuwasha tena bila kaseti, diski wala katriji ni kasoro ya vifaa, na hakuna programu itakayoiponya.

Virusi vilikuwapo, sikatai. Amiga, kompyuta nyingine ya Commodore, ilivipata mapema, vikijificha katika sehemu ya flopi inayosomwa kwanza mashine inapowashwa, na vilidumu katika RAM hata mtu akibonyeza vitufe vya kuianzisha upya. Umeme ulipokatwa, vilikufa navyo. Dawa yake ni kuzima, kisha kutumia flopi isiyo na virusi ambayo upenyo wake wa kuzuia kuandikwa umeachwa wazi.

Wapo pia wanaoapa kwamba programu haiwezi kamwe kuharibu vifaa vyenyewe. Katika mashine nyingi wanasema kweli. Hata hivyo, amri POKE 59458,62, ambayo watu waliitumia kuharakisha maandishi kwenye skrini ya Commodore PET za kwanza, kompyuta zilizoitangulia Commodore 64, iliweza kuharibu skrini ya PET zilizofuata, kwa kuwa saketi ya picha ilikuwa imebadilishwa.

“Taa inawaka, basi umeme uko sawa”

Kama ningeruhusiwa kuifuta dhana moja tu, ningeifuta hii. Testa ya bisibisi na taa nyekundu ya kompyuta zina udhaifu mmoja: zote mbili hukuambia kwamba umeme upo, wala hazikuambii ni kiasi gani. Taa ya Commodore 64 huwaka kwa volti 4 na nusu, huwaka kwa volti 5, na huwaka vizuri zaidi kwa volti 7 huku chipu za RAM zikiungua moja baada ya nyingine.

Adapta ya awali ya mashine hiyo hutoa umeme wa aina mbili, volti 5 za DC na volti 9 za AC. Transfoma na regulata yake (kifaa kinachozuia volti zisipande) zimezamishwa katika gundi ngumu ya epoksi, hivyo joto halina pa kutokea na fundi hana pa kuingizia bisibisi. Regulata hiyo ikichoka, mara nyingi haikati umeme bali huuachilia upite, na volti zilizopaswa kuwa 5 hupanda kimyakimya. Chipu za zama hizo zinataka kati ya volti 4.75 na 5.25. Ndiyo maana Commodore iliyokaa sandukuni miaka 30 haifai kuchomekwa na kuwashwa ati kujaribu bahati. Pima adapta ikiwa peke yake. Kisha itwike mzigo: rezista ya ohmu 5 inayohimili wati 10, ikiunganishwa kwenye volti 5, itavuta ampea 1. Iweke rezista hiyo juu ya kigae kwa sababu itapata moto, na usome mita tena baada ya nusu saa, kwa kuwa adapta nyingi mbovu hujifanya nzima mpaka zipate joto. Ikizidi 5.25, usiiunganishe tena na kompyuta.

Kwenye ZX Spectrum, dhana hugeuka kichwa chini miguu juu. Adapta yake imeandikwa volti 9, mtu huipima ikiwa haina mzigo, akaona 12 au zaidi, akaitupa. Adapta hiyo haina regulata, na ni kawaida yake kupanda inapokuwa haina kazi; regulata imo ndani ya kompyuta yenyewe. Hatari yake iko kwingine. Katika plagi ya Spectrum, hasi iko katikati na chanya iko nje, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa vibandani. Plagi inaingia barabara, na hilo ndilo balaa lenyewe. Umeme ukiingia kinyume, saketi inayotengeneza volti za ndani huweza kuungua, hasa transista iliyoandikwa TR4 kwenye ubao, na chipu nane za RAM ya chini, aina ya 4116, zinazohitaji volti 5, volti 12 na volti 5 hasi kwa pamoja, huweza kuifuata. Kabla ya kununua adapta, tafuta ule mchoro mdogo wa duara lenye nukta katikati uone hasi iko wapi.

“Badilisha plagi tu, itafanya kazi”

Hili nalisema nikiwa na kovu lake. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya 486 kutoka Marekani, nikainunulia kiunganishi cha kuifanya plagi yake bapa iingie katika soketi zetu za matundu matatu, nikawasha. Mlio ulikuwa kama balbu iliyopasuka, kisha harufu ya samaki aliyeungua ikajaa chumba. Nyuma ya kasha, nusu ikiwa imefunikwa na stika ya duka, palikuwa na swichi nyekundu iliyoandikwa 115.

Umeme wa Kenya ni volti 240 kwa hezi 50, na kiunganishi cha plagi hubadilisha umbo la pini tu, hakigusi volti. Kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 1980 na 1990 zina swichi hiyo ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 230 mahali penye volti 120, mashine haiwaki na hakuna hasara, lakini ikiwa kwenye 115 mahali penye volti 240, kapasita kubwa (vifaa vinavyohifadhi chaji) na fyuzi za kisanduku cha umeme ndizo zinazolipa. Kompyuta ndogo zenye adapta ya transfoma ya volti 120 hazina hata swichi, na zinahitaji transfoma ya kushusha umeme au adapta nyingine kabisa.

Ubao mama wangu ulipona. Kisanduku kingine cha umeme nilikipata katika lundo la kompyuta zilizovunjwavunjwa, na hapo nikajifunza jambo ambalo mafundi wa zamani walilijua kwa moyo: plagi zake mbili zinazoingia kwenye ubao, zinazoitwa P8 na P9, zinafanana na zinaweza kubadilishana nafasi, lakini nyaya nyeusi za zote mbili sharti zikutane katikati. Ukikosea, unaumaliza ubao uliookoka. Kisanduku kilichoungua usikifungue siku hiyohiyo, kwani kapasita zake huweza kubaki na chaji ya volti mia kadhaa.

“Skrini ni nyeusi, imekufa”

Kwanza uliza kama picha inafika. Wengi hudhani kwamba tangu Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, kompyuta hizi hazina tena televisheni. Kilichozimwa ni mitambo ya kurusha matangazo. Kipokezi cha analojia kimebaki ndani ya televisheni nyingi, zikiwemo za skrini bapa. Spectrum hurusha picha yake kupitia waya, kwenye chaneli ya 36 ya UHF, nawe unapaswa kuchomeka waya huo kwenye televisheni yenyewe na kutafuta chaneli za analojia. Ukiupitisha kwenye king'amuzi hutaona kitu, kwa kuwa king'amuzi kinasikia dijitali pekee. Mashine iliyotoka Marekani ina tatizo la ziada: inatumia mfumo wa picha za televisheni wa NTSC, wa Marekani, badala ya PAL wa huku kwetu, hivyo picha inaweza kutokea bila rangi au ikijiviringisha juu chini, na si kwamba chipu ya picha imeharibika.

Picha ikifika, isome. Commodore 64 nzima huandika kwamba ina baiti 38911 zilizo wazi kwa ajili ya BASIC. Nambari hiyo haikuwekwa kama pambo: mashine inapowaka huijaribu RAM yake hatua kwa hatua, na pale inapokuta baiti isiyojibu sawasawa, inasimama na kuhesabu ilichokipata. Nambari pungufu ni ishara ya RAM mbovu, isipokuwa kama kuna katriji iliyochomekwa. Skrini nyeusi tupu, ilhali volti ziko sawa, huelekeza macho kwenye chipu iitwayo PLA na kwenye RAM kabla ya prosesa, ambayo mafundi wengi huilaumu kwanza. Ukigusa chipu za RAM kwa kidole baada ya dakika moja na moja ikawa na moto kuliko wenzake, umeshapata pa kuanzia. Katika Spectrum, mistari au miraba isiyofutika, bila ujumbe wa hakimiliki wa 1982 chini ya skrini, mara nyingi ni malalamiko ya RAM ileile ya chini.

“Kapasita zote zibadilishwe kwanza”

Hapa ukweli na uongo vimelala kitanda kimoja. Amiga 600 na Amiga 1200 zina kapasita ndogo zilizobandikwa juu ya ubao ambazo huvuja na kula njia za shaba, na kuzibadilisha mapema ni busara. BBC Micro ina kapasita za kuchuja umeme ambazo maganda yake hupasuka, hunyonya unyevu, kisha siku moja hutoa moshi mwingi wa kutisha. Zikishatoa moshi, aghalabu kompyuta huendelea kufanya kazi, lakini zinafaa kutolewa kabla ya siku hiyo. Kinyume chake, kapasita za Commodore 64 nyingi bado ni nzima, na anayezing'oa zote kabla hajapima chochote huishia na kasoro mbili: ile aliyoikuta na njia ya shaba aliyoinyofoa kwa solda yenye moto kupita kiasi.

Ningekuwa mwenye haraka, ningeikimbilia betri. Amiga 500 Plus, Amiga 2000 na ubao mama wa 386 na 486 nyingi zina betri ya nikeli na kadimiamu iliyosoldwa, na majimaji yake huvuja, yakageuza shaba kuwa kijani na kukata njia za ubao. Ikate leo, hata kama kompyuta haina tatizo lolote. Majimaji hayo ni alkali, hivyo sugua kwa mswaki uliochovywa siki nyeupe, suuza kwa maji safi, malizia kwa spiriti ya kusafishia, uache ukauke vizuri. Kompyuta isiyo na betri inayokupa tarehe 1 Januari 1980 haijaharibika. Hiyo ndiyo tarehe ambayo DOS, mfumo endeshi wa 386 na 486 hizo, huanzia kuhesabu.

Kuhusu kunyunyizia soketi mafuta ya kulainishia nati, jibu ni fupi: mafuta hukamata vumbi, na vumbi la Nairobi halihitaji mwaliko. Tumia spiriti. Nalo kasha lililogeuka manjano halisemi lolote kuhusu hali ya ndani. Ni plastiki tu iliyozeeka.

“Haipakii programu, kaseti imeharibika”

Diski nazo huhukumiwa haraka. Kiendeshi cha 1541 cha Commodore hugonga kwa kishindo kinapoandaa diski mpya, na watu hukizima kwa hofu. Hakina kihisi cha kukijulisha kichwa chake kiko wapi, kwa hiyo hukisukuma mpaka kigonge ukuta ndipo kijue kimefika mwanzo. Flopi ya Amiga isiyosomeka katika kompyuta ya kawaida ya mezani nayo si lazima iwe mbovu, kwa kuwa kidhibiti cha flopi cha kompyuta hiyo hakielewi namna Amiga inavyoandika.

Kaseti, ambamo programu zilihifadhiwa kama sauti, ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kabla ya kuitupa, safisha kichwa cha kusomea kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, angalia kama mkanda wa mpira ndani ya mashine haujalegea, kisha ujaribu sauti ya juu zaidi, kwani Spectrum hutaka sauti kubwa kuliko ambayo masikio yangeipenda. Bado ikikataa, tatizo mara nyingi ni pembe ya kichwa. Kando yake pana skrubu ndogo, na kaseti iliyorekodiwa katika mashine nyingine huenda ilirekodiwa kwa pembe tofauti kidogo. Chomoa waya wa kwenda kwenye kompyuta, cheza kaseti usikie, na uzungushe skrubu kwa robo ya robo ya mzunguko. Sauti iliyofifia kama redio iliyofunikwa blanketi itakuwa kali na kukereketa. Pale inapokereketa kabisa, simama hapo. Rudisha waya, andika LOAD "" na uanze kaseti upya. Pembezoni mwa skrini itatokea milia minene ya nyekundu na samawati, kisha, mlio unapobadilika, milia myembamba ya buluu na manjano, na jina la programu litaandikwa juu.